Utabiri wa Viazi

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo wa magharibi, noti nne.
Macho yanaona kilomita kumi na zaidi. Mawingu hakuna.
Ndege hakuna.
Hilo la mwisho fomu haina nafasi yake;
naliandika pembeni kwa penseli, leo siku ya kumi na moja.

Mimi ni mpima hewa wa uwanja huu,
mita elfu tatu na mia nane juu ya bahari
niliyoiona mara mbili tu.
Miaka kumi na tisa nawaambia marubani
ukungu utaondoka saa ngapi.
Ukungu una adabu: jua likiugusa bega, unaaga.

Sasa Lima wananipigia simu:
"Bwana Huanacuni, mtabiri si wewe? Uwanja utafunguliwa lini?"
Wanataka tarehe ya kuwapa wateja.
Nasema hasira sina chombo cha kuipimia.
"Kadiria," wanasema.

Nje ya lango madereva wa teksi wamechora kalenda ya chaki
kwenye mlango wa karakana. Soli tano kila tarehe.
Efraín alichukua Jumatatu, maana waziri alisema Jumatatu.
Jumatatu ikapita na moshi wa tairi mgongoni.
Mkwewe alichukua Alhamisi: alisikia askofu anakuja.
Askofu akaja, akanywa chai, akarudi.
Yhon mchukuzi amenunua "Kamwe",
na hakuna anayejua Kamwe italipwa siku gani.

Ukumbini bi harusi wa Arequipa analalia begi la gauni lake.
Keki, anasema, ndugu wa bwana harusi wameshaila.

Nilijaribu hesabu, msinicheke.
Mawe kwenye njia ya kurukia: mia nne na sita.
Kesho yake: mia nne na tisa.
Nani huyo aliyetoka kwake na mawe matatu?
Tairi hufa usiku, huzaliwa alfajiri.
Nikachora mstari; ukapanda, ukapanda,
ukatoka nje ya karatasi.

Jana jioni Nazaria Ccama akaja kwenye waya wa kituo changu.
Yeye ndiye mwenye sufuria kubwa pale kizuizini.
Mpwa wake yuko hospitali, jicho moja limefungwa bandeji,
na hakuna mkubwa aliyekwenda kumwambia hata pole.
Hakuniuliza kuhusu uwanja.
"Usiku huu jalidi itaanguka?"

Swali la kwanza kwa siku kumi na moja
nililokuwa na jibu lake!
"Itaanguka. Nyuzi nane chini ya sifuri.
Na kesho, na keshokutwa, na mtondo, na mtondogoo."
Akashukuru kama mtu aliyekubaliwa mkopo.

Usiku nikaona tochi.
Wanawake, magunia mgongoni, wanainama kwenye nyasi
kando ya taa za njia ya kurukia zilizozimwa,
wanatandaza viazi, kimoja kimoja, visigusane.
Nilijua wanachofanya; mama yangu alikifanya kila Juni.
Usiku jalidi ivipasue, mchana jua livilegeze,
kisha miguu mitupu ivikanyage hadi maji yaishe,
vikauke, viwe vyepesi kama kokoto za povu,
vikae ghalani hata mtoto wa leo aote ndevu.

Mtu hatandazi viazi
mahali anapofungasha virago.

Nikawapigia Lima mwenyewe.
"Baridi siku tano. Kukanyaga, siku mbili.
Kukausha, sijui, jua ndilo litakalosema.
Halafu mtu aende hospitali akasalimie."
Kimya. Kisha: "Hiyo ni hali ya hewa?"
"Ndiyo," nikasema. "Iandikeni hivyo."

Saa kumi na mbili asubuhi. Upepo umelala.
Nyuzi tisa chini ya sifuri; nimekosea kwa moja.
Ndege hakuna.
Na pembeni, kwa penseli:
viazi vimeganda vizuri.